Miaka miwili ya hisa kwa simu nikiwa Mwaloni: kununua dakika tano, kuuza mpaka leo

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifikisha kwenye hisa, na ndilo linalonifanya niione programu hii ya kununua na kuuza hisa kwa simu kwa jicho nililonalo.

Biashara yetu inakwenda na mwezi. Wakati wa giza mitumbwi inaingia alfajiri imejaa, gunia zinapanda magari, na mnunuzi wa Kongo anahesabu noti huku anapiga miayo. Mbalamwezi ikitoka, taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawasogei, watu wanashona nyavu na kucheza bao. Hapo katikati ndipo pesa ya giza inakaa mfukoni, na hapa Mwanza pesa ya mfukoni haikosi mwenyewe: leo mchango wa harusi Buhongwa, kesho shemeji anataka kuweka tairi bodaboda. Nilitaka mahali pa kuiweka ambapo mtu hawezi kuiomba akanitazama usoni.

Hisa sikuanza nazo jana. Vodacom Tanzania walipouza hisa kwa umma mwaka 2017, shilingi 850 kwa hisa moja, nilipanga foleni benki nikiwa na picha mbili za pasipoti na fomu ya karatasi, nikachukua hisa 400. Baada ya hapo nilikaa miaka bila kununua tena, maana kila nikiuliza naambiwa dalali, yule anayekununulia na kukuuzia hisa sokoni, yuko Dar. Mtu wa Mwanza asafiri zaidi ya kilomita elfu moja kununua hisa za laki tatu? Basi.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu anayesoma chuo kikuu cha SAUT akaniwekea kwenye simu programu ya dalali mmoja wa Dar. Jina lake silitaji, kwa sababu ninayoyasema hapa nimesikia wenzangu wakiyalalamikia kwa madalali wengine pia. Kabla ya kuweka hata shilingi, nilimwambia dogo ahakikishe kwanza kama ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Alikuwa nayo. Hatua hiyo msiiruke, hasa nyie mnaoingizwa kwenye magrupu ya WhatsApp yanayoahidi faida kila wiki. Soko la Hisa la Dar es Salaam halijui ahadi ya kila wiki.

Kujisajili kulinichukua siku nne, na kosa lilikuwa la jua. Programu inataka namba ya NIDA, picha ya kitambulisho, picha yako ya uso, na sahihi uliyoiandika kwenye karatasi nyeupe. Picha ya uso ilikataliwa mara tatu kwa sababu nilikuwa najipigia gengeni, jua la ziwa likinimulika upande mmoja. Ya nne nilipigia stoo, ndani, katikati ya magunia, ikapita. Kisha jina: NIDA wameandika Mathias, benki wameandika Matias. Herufi moja, siku mbili. Mwishowe nikapata namba ya CDS, ile akaunti ambayo hisa zako zinahifadhiwa kwa jina lako na si kwa jina la dalali. Ukishaipata, hata dalali akifunga duka hisa zako zipo, unahamia kwa mwingine.

Kununua kwenyewe ni kutamu. Nilianza na CRDB, kwa sababu ni kati ya hisa zinazobadilishana mikono kila siku soko likifunguliwa. Nikachagua idadi, nikaweka bei yangu, ikaja namba ya malipo, nikalipa kwa simu nikiwa nimekaa juu ya debe. Dakika tano, labda sita, kwa sababu alama ya kidole iligoma. Vidole vya muuza dagaa vimechanika, simu haivitambui; niliishia kuandika namba ya siri. Mchana uleule meseji ikaingia kwamba nimepata.

Kuhusu makato, nilifungua hati ya muamala nikaikagua kama ninavyokagua mizani ya mtu nisiyemjua. Kwa manunuzi ya shilingi 300,000 kamisheni ya dalali ilikuwa asilimia 1.7, yaani 5,100, juu yake VAT shilingi 918, halafu vijitozo vya soko, vya mamlaka na vya hifadhi ya hisa. Hakuna kilichofichwa, yote yameandikwa. Ila piga hesabu ya kwenda na kurudi: siku ya kuuza unakatwa tena vilevile, kwa hiyo bei lazima ipande zaidi ya asilimia 4 ndipo uanze kusema umepata. Dogo alikuwa ananiambia ninunue Jumatatu niuze Ijumaa kama vijana wa mtandaoni. Nilimwonyesha hiyo hati akanyamaza.

Mwaka wa kwanza nilikosa gawio, ile faida ambayo kampuni inawagawia wanahisa wake, na hapo nusu ya kosa ni yangu. Kampuni ilitangaza siku ya kufunga daftari la wanahisa, Alhamisi; ambaye jina lake halimo siku hiyo hapati gawio. Mimi nikanunua Jumanne nikijiona mjanja. Sikujua kwamba muamala wa hisa unakamilika siku 3 za kazi baada ya kununua; hisa zangu zikaingia kwenye daftari Ijumaa, watu wamekwishahesabiwa. Nusu nyingine ya kosa ni ya programu. Ina kona nzima ya habari, inanitumia salamu za Krismasi na Idi, lakini siku ninabonyeza kununua haikuniambia kwamba daftari linafungwa keshokutwa na mimi sitakuwemo. Mwaka uliofuata niliwahi, gawio likaingia benki likiwa limekatwa kodi ya asilimia 5 kama ilivyo kwa kampuni zilizoorodheshwa. Hela si nyingi. Lakini ilinifikia kipindi cha mbalamwezi, wakati ambao hakuna mwingine aliyekuwa ananipa kitu, nikanunua turubai jipya la kuanikia.

Sasa kuuza, jambo lililonifanya niandike haya.

Mbali na CRDB nilikuwa nimenunua hisa 600 za kampuni moja ndogo. Kwenye programu bei ilisomeka 500, na karibu yake kuna mshale wa kijani. Januari mwanangu akachaguliwa bweni, kidato cha kwanza, na orodha ya vitu kutoka shuleni ilikuwa ndefu kuliko ya bwana harusi. Nikasema hapa ndipo hisa zinaponisaidia. Nikaingia, nikabonyeza Uza, 600, kwa 500. Programu ikajibu kwa maandishi ya kijani: Imepokelewa.

Wadau, mimi nilienda nyumbani nikamwambia mke wangu zimeuzika.

Kumbe kilichopokelewa ni oda, yaani ombi langu la kuuza, si hisa. Imepokelewa maana yake umesimama kwenye foleni. Siku ya pili, Inasubiri. Siku ya tano, Inasubiri. Siku ya sita ikabadilika: Imekamilika kwa sehemu. Kufungua, zimeuzwa hisa 40. Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa WhatsApp kuuliza hizo 560 zimekwama wapi, wakanijibu: Tunalifanyia kazi, mteja wetu mpendwa. Wanalifanyia kazi gani? Hakuna hitilafu ya kushughulikia. Mnunuzi hakuwepo, ni hilo tu, na mtu mmoja angeniambia hivyo kwa sentensi moja nisingepoteza siku sita nikimlaumu fundi wa kompyuta.

Mwaloni ukishusha gunia chini unajua hali yako ndani ya dakika kumi. Unawaona wanunuzi kwa macho: wa Kongo yupo, wa Zambia kaondoka jana, yule wa Shirati anazungukazunguka anajifanya hataki. Hakuna anayekuambia bei ya gunia lililouzwa wiki iliyopita halafu ukaondoka ukaamini ni yako. Programu ilinionyesha bei ya 500 na mimi nikaamini, kumbe 500 ni bei ambayo mtu mmoja alilipa siku mtu mmoja alipouza, na huenda ilishapita wiki. Nilichokihitaji ni kuona nani amesimama upande wa pili, anataka hisa ngapi, kwa bei gani. Taarifa hiyo ipo, dalali anaiona kwenye skrini yake ofisini. Mteja tunaonyeshwa mshale.

Nikashusha bei mpaka 480. Zikaondoka 190 siku ya kumi na sita. Siku ya 23 zilizobaki, 370, nilizifuta kwenye foleni, nikaenda kukopa kwenye kikoba chetu, mtoto akaripoti shule na godoro lake.

Na zile zilizouzwa je? Pesa yake haikuja kwenye simu kama ilivyotoka. Kulipa unalipa kwa simu ukiwa umekaa kwenye debe. Kutoa unatakiwa ujaze fomu, uichapishe, usaini, uipige picha, uitume kwa barua pepe. Nilichapisha kwenye stesheneri karibu na Makoroboi kwa shilingi 500. Wakairudisha, sahihi haifanani na ile ya kujisajili. Bila shaka haifanani. Ile nilisaini mezani, hii nimesaini juu ya tanki la pikipiki. Nikarudia. Siku nane toka fomu ya kwanza mpaka pesa kuingia benki. Ndugu zangu mnaotengeneza hizi programu, kama mlango wa kuingilia ni wa simu na wa kutokea ni wa karatasi, mteja anakuwa na wasiwasi hata pale ambapo hakuna sababu ya wasiwasi.

Haki yao niwape. Tangu siku ile sijawahi kuona hisa imepungua au shilingi imepotea. Taarifa ya akaunti naipata saa yoyote, hata saa nane usiku nikisubiri mitumbwi. Lugha ni Kiswahili cha kawaida, isipokuwa sehemu ya masharti ambayo wamekiacha Kiingereza chote, na nyie mnajua kwa nini. Intaneti ikiwa dhaifu, kama ilivyo kwa shangazi yangu Ukerewe, programu haigandi. Inabaki na bei za mwisho ilizopata na kuandika saa. Na ukilinganisha na foleni ya 2017, mimi sirudi huko.

Wengine wameniuliza kwa nini nisitumie Hisa Kiganjani, programu ya soko lenyewe. Huenda nikaijaribu, lakini ukiisoma habari yangu vizuri utaona kwamba hisa zisizo na wanunuzi hazitapata wanunuzi kwa kubadilisha programu. Anayetaka pesa ya kuitoa wakati wowote, UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana mfuko wa Ukwasi, aanzie huko. Mimi pesa ya ada siku hizi iko huko. Hisa nimeachia ile pesa ambayo hata ziwa likifungwa sitaigusa.

Nyota nawapa 3 kati ya 5. Moja wamepoteza kwa neno Imepokelewa, nyingine kwa ile fomu.

Wiki iliyopita walituma toleo jipya. Nililipakua nikiwa na hasira bado, nikakuta wameongeza ukurasa wa maombi ya wanunuzi na wauzaji, kile nilichokuwa nakidai. Nikarudisha zile hisa zangu 370 kwa 480, kisha nikafungua ukurasa kuona hali. Upande wa kuuza kulikuwa na mistari minne, wangu wa pili kutoka juu. Upande wa kununua mstari mmoja tu: hisa 20, kwa 430.

Nikacheka peke yangu, jirani akaniuliza kuna nini. Nikamwambia yule wa Shirati amehamia kwenye simu.

Oda nimeiacha hapohapo kwa 480. Giza linaanza Jumapili.