TAHADHARI: Vipira vya kuziba mwanya na waya za meno za saluni

Jamani, kuna mtu anauza mtandaoni "seti ya kunyoosha meno nyumbani": vipira, waya na gundi, elfu thelathini na tano, boda anakuletea mpaka mlangoni. Ukitaka akufunge yeye, unaelekezwa saluni moja Sinza, Dar es Salaam, kiti kile kile cha kubandikia kope. Binti wa dada yangu alinunua kwake, na mpaka sasa tunahangaika.

Hizo waya zenyewe ni balaa tosha. Zinabandikwa kwa gundi ya dukani, bila eksirei, bila mtu kuangalia kama taya la juu na la chini yanakutana. Wenye kazi yao huvuta jino polepole, mara nyingi mwaka mmoja na nusu hadi miwili, maana mfupa unapungua upande jino linakokwenda na kujijenga upya linakotoka. Huyu anaahidi wiki tatu!

Ila kinachonitisha zaidi ni kipira, kwa kuwa kinaonekana hakina neno. Mzizi wa jino la mbele la juu umechongoka kuelekea juu. Ukizungushia meno mawili kipira ili uzibe mwanya (na sijui nani kawaambia mabinti mwanya ni kasoro, bibi zao walisifiwa kwa huo huo), hakitulii. Kinapanda kidogo kidogo, kinazama chini ya fizi, kinaharibu nyuzi na mfupa vinavyoshika jino. Wewe unadhani kimedondoka. Hata eksirei mara nyingi haikionyeshi. Binti yetu alivimba fizi, usaha ukatoka, meno mawili yakaanza kucheza. Kipira kimetolewa na daktari, lakini kama meno yatashika tena hajatuahidi.

Muuzaji alipotumiwa picha alijibu "ni kawaida, sukutua maji ya chumvi", kisha akatubloku. Sasa ukurasa una jina jipya, picha ni zile zile. Tazameni vizuri midomo: wa "kabla" na wa "baada" ni watu wawili.

Anayetaka kukugusa meno, mwombe jina kamili na namba ya usajili, uhakiki kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Walioko Kenya, KMPDC, baraza la huko la madaktari na madaktari wa meno. Akianza kuzungusha maneno, ondoka.

Na kama ulishavaa kipira halafu hukioni, usingoje maumivu. Nenda kliniki ya meno leo, umwambie daktari waziwazi kwamba kulikuwa na mpira, la sivyo anaweza kudhani ni ugonjwa wa fizi tu.