Rivyu: programu ya kujifunzia Kiingereza, ile sehemu ya muda

Nimeimaliza sehemu ya muda na kwa kweli walioiandaa wamefanya kazi, hawakurundikii msamiati ukariri, wanakuwekea meseji ya kazini halafu wanakuuliza huyu mtu anataka kitu lini. Mfano bosi kaandika "send it by Friday", hapo Ijumaa ndio mwisho, ukituma Jumatano poa tu. Ila "until Friday" ni kwa jambo linaloendelea hadi siku hiyo, kama "I'm away until Friday". Wengi wetu "mpaka" imetukaa kichwani kwahiyo tunaandika "I will send it until Friday" na anayesoma anabaki anashangaa. Zoezi hilo peke yake linatosha kukufanya uipakue.

"In an hour" nayo wameieleza vizuri sana, mtu akikuandikia "I'll call you in an hour" ni saa nzima ipite ndio simu ipigwe, ukimaanisha kabla saa haijaisha basi ni "within an hour". "For" na "since" wamepita mbio, sawa tu, hizo kila kitabu kinazo.

Shida yangu ipo kwenye masomo ya mwisho. "Half seven" wamesema ni saa moja na nusu, ni kweli kwa Waingereza wakiwa wanaongea kawaida, ila Mmarekani anaweza asikuelewe kabisa, yeye anasema "seven thirty", na hilo hawajaligusa. "Biweekly" wameandika kila baada ya wiki mbili, basi, wakati kamusi zinakubali pia mara mbili kwa wiki, sasa fikiria ni ratiba ya malipo! Hapo bora uulize. Na "next Friday" haipo kabisa jamani, neno ambalo hata wenye lugha yao wanabishania, kuna anayemaanisha Ijumaa hii inayokuja na kuna anayemaanisha ya wiki inayofuata, we andika tarehe tu.

"At the eleventh hour" wametafsiri dakika za mwisho, sahihi, ila utamu wote wameuacha. Watu huihusisha na Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa kumi na moja, na hiyo saa Mswahili anaijua bila kufundishwa, jua linaelekea kuzama na kazi inakaribia kufungwa. Mtu anayehesabu saa kwa Kiingereza ndio anahitaji maelezo.

Nawapa nyota nne, ya tano wakishairekebisha hiyo "biweekly".