TAHADHARI: "Mashine ya kuediti 4K, i7, grafiki 8GB" ambayo ndani yake ni i5 ya kori 2

Wadau wa kamera na harusi, hii iwafikie kabla msimu haujachanganya. Kuna muuzaji wa laptopu za mtumba hapa Dar, anatangaza Instagram na kukabidhi mzigo kwenye fremu za watu katikati ya mji. Tangazo lake: i7, RAM 16, grafiki 8GB, "inabeba 4K bila kukwama", shilingi milioni 1.6. Kijana mmoja ninayepiga naye kazi za send-off amenunua. Kaja kwangu analalamika kwamba Premiere, ile programu ya kuediti, inaganda, labda niliyomwekea ni mbovu. Premiere ni nzima.

Tulichokuta ni hiki. Ukiingia kwenye taarifa za mfumo za Windows, prosesa inasomeka i7-8850H. Hiyo ya kweli ina kori 6 (vichwa vya kufanyia kazi) na nyuzi 12, ambazo Windows inaziita Logical processors. Tukafungua Task Manager, tukashuka chini ya grafu: Cores 2, Logical processors 4. Jina la ng'ombe, kwato za mbuzi. Tukazima, tukawasha na kuingia BIOS (menyu ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka), ikajitaja yenyewe: i5-7200U. Kumbe jina la i7 limeandikwa kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya taarifa na mipangilio yake), na kwa kuwa rejista hujaza jina halisi kila mashine inapowaka, jamaa kaacha kiprogramu kidogo kwenye Task Scheduler (ratiba ya kazi za Windows) chenye kazi moja tu, kulifuta na kuandika la uongo upya. Kwa hiyo asije mtu hapa kumtetea kwamba naye aliuziwa hivyo hivyo na stika ya i7 ikamdanganya.

Sasa grafiki 8GB. Kadi ya NVIDIA hamna kabisa. Iliyopo ni Intel HD 620, ile ya ndani ya prosesa, isiyo na memori yake. Windows huiruhusu kuazima mpaka nusu ya RAM ikihitaji, ndiyo maana kwenye RAM 16 unasoma 7.9GB pale kwenye grafiki. Muuzaji anakuonyesha hiyo namba kwa kidole na hasemi uongo wowote kwa mdomo. Ukitaka kujua, tafuta mstari wa Dedicated (memori ya kadi yenyewe), si wa Shared (ya kuazima). Hapo ndipo kadi halisi inapoonekana, na kwenye hii palikuwa na 128MB tu, nayo imekatwa kwenye RAM.

Kinachowamaliza wengi ni onyesho la dukani. Anakufungulia YouTube, anaweka 2160p, mandhari ya milima na maji, inatiririka kama kawaida. Unalipa. Ndugu zangu, kucheza video ya 4K si kuiediti. Intel kuanzia kizazi cha 7, kama hii i5-7200U, zina sehemu maalumu ya kufungua mafaili ya aina ya YouTube, hata kori 2 zinatosha. Kazi yetu ni nyingine: kamera mbili au tatu kwa pamoja, rangi juu yake, unarudi nyuma na mbele kutafuta pale bi harusi alipocheka. Tena kamera nyingi za sasa za Sony na Canon zinarekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2 (video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi), ambayo sehemu ile ya kizazi cha 7 haiifungui kabisa, mzigo wote unaangukia kwenye kori. Intel zenye grafiki ya ndani za kizazi cha 11 na kuendelea zinaifungua, Apple tangu M1 ya 2020, na NVIDIA wamechelewa mpaka RTX 50 mwaka 2025. Kwa hiyo hata RTX 3060 ya kweli inaweza kukusumbua kwa faili hizo ikiwa prosesa iliyo nayo ni ya zamani.

Na skrini aliyomwonyeshea hiyo "4K"? 1366 kwa 768. Pikseli milioni moja na kidogo, wakati 4K ni zaidi ya milioni 8. Jamaa ana roho.

Ukienda kununua, beba klipu zako mwenyewe kwenye flashi, zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera unayotumia, si zilizopita WhatsApp. Omba mashine izimwe mbele yako na uingie BIOS kwa mkono wako. Dell ni F2, HP bonyeza Esc kisha F10, Lenovo nyingi ni F1 au F2. Muuzaji akisema BIOS ina nenosiri, aga uondoke. Kwa Dell, chukua Service Tag iliyo chini ya mashine, hakikisha inafanana na ya kwenye BIOS, kisha iingize kwenye tovuti yao: utaona ilivyotoka kiwandani. RAM na diski hubadilishwa, ila prosesa za laptopu hizi nyembamba zimechomelewa kwenye bodi. Programu ya CPU-Z nayo inasaidia, kwa sababu mstari wa Specification inausoma kutoka kwenye prosesa yenyewe, haiulizi Windows. Angalia na chaja. Mashine yenye kadi ya NVIDIA inayohitaji wati 130 ukipewa ya 65 itawaka vizuri tu, halafu ukianza kurenda (kutoa video iliyokamilika) inapunguza kasi.

Wanaotaka MacBook, msikubali iliyokwisha kuandaliwa. Ifutwe mbele yenu, iunganishwe intaneti, ianzishwe upya. Ikileta ukurasa wa Remote Management, au kudai akaunti ya mtu msiyemjua, bado ina mwenyewe, kampuni au mtu. Na yenye RAM 8 itabaki na 8 mpaka siku ya mwisho, haiongezwi.

Huyu huyu anauza SSD za nje za "16TB" kwa elfu 80. Msinunue hata kwa utani. Zinajitangaza ukubwa zisizo nao, na zikijaa zinaandika juu ya kazi ya zamani kimya kimya. Programu ya H2testw inazifichua, F3 kwa wa Mac.

Kwa bei hiyo ya milioni na ushee mimi ningesubiri nikaongeza. Adobe wenyewe, wenye Premiere, wanapendekeza RAM 32 kwa 4K kwenye Windows. Iliyotumika yenye i7 ya herufi H mwishoni, ya kizazi cha 11, na RTX 3060 ya 6GB, au M1 Pro yenye RAM 16, hizo kweli zinakaa kazini. Ukikwama kifedha, editi kwa proksi (nakala nyepesi za klipu zako) za 1080p kwenye mashine ndogo, lakini iuzwe kwa bei ya mashine ndogo.

Dogo hakupewa risiti ya EFD, na alilipia lipa namba yenye jina la mtu mwingine kabisa. Tunaandaa maelezo twende polisi na Tume ya Ushindani, tuna picha ya BIOS, meseji na muamala. Tulipompigia muuzaji alisema "kaka, mashine inategemea na mtumiaji", kisha akablok namba zote mbili. Akaunti ameshaibadilisha jina, ila picha ni zile zile: laptopu nyeusi juu ya kitambaa chekundu, stika ya i7 imebandikwa upande wa kulia badala ya kushoto. Aliyenunua kwake aingie BIOS leo, apige picha, anitumie inbox tuunganishe malalamiko.