Sindano namba 8 mbili zisizolingana: miaka minne yangu ya kufuma sweta kwa mkono

Sweta la kwanza nililofuma nilimpimia baba watoto. Leo analivaa mwanangu wa darasa la tano, na limemkaa vizuri kabisa.

Naanzia hapo kwa sababu watu wakiniona nimeshika sindano kwenye basi huniuliza kama kazi hii ni ngumu. Mikono haikunipa shida. Mama mkwe alinifundisha jioni mbili tu, jikoni kwake, tukiota moto. Kuna kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma. Cha mbele, uzi unakaa nyuma ya kazi na sindano inapenya kwenda nyuma. Cha nyuma, uzi unaletwa mbele na sindano inaingilia upande wa pili. Safu moja yote ya mbele, inayofuata yote ya nyuma, unapata ule uso laini wa sweta la dukani. Ukipishanisha viwili viwili unapata pindo linalovutika la kiunoni na mikononi. Basi. Kilichonitoa jasho ni vifaa, na ndivyo nataka kuvisema, maana hela nilizochezea zingeninunulia blanketi mbili nzito, na kwa baridi ya Njombe mwezi wa Juni blanketi si kitu cha mzaha.

Jozi yangu ya kwanza ya sindano niliiokota mnadani kwenye lundo la mitumba, shilingi 1,000. Alumini ya kijivu, kichwani imepigwa chapa 8. Nilishukuru Mungu, kwa sababu pateni, yaani maelekezo ya kufuma, niliyoipakua kwenye simu, ya Kimarekani, ilitaka sindano namba 8. Ikasema anzisha vitanzi 90 kwa kipande cha mbele, utapata upana wa sentimita 50. Nikaanzisha 90. Nikafuma wiki tatu. Nilipolitandaza kitandani na kuweka futi ya fundi, likasoma 41.

Nilihesabu vitanzi mara tatu nikidhani nimeangusha. Vilikuwa 90 vyote. Shida ilikuwa kwenye ile 8. Waingereza wa zamani walihesabu sindano kwa namna ambayo namba ikipanda sindano inakonda, na 8 yao ni milimita 4. Wamarekani wanahesabu kinyume, namba ikipanda sindano inanenepa, na 8 yao ni milimita 5. Hesabu hizo mbili zinakutana kwenye 7 tu, ambayo kwa wote ni milimita 4.5. Mitumba yetu inatoka kila pembe ya dunia, kwa hiyo kichwa cha sindano hakikwambii kitu mpaka ujue ilizaliwa wapi. Siku hizi nina kibao ambacho fundi seremala alinitobolea matundu kwa biti za milimita 3, 3.5, 4, 4.5 na 5. Nikikuta sindano mnadani naichomeka. Inayoingia bila kulegea, hiyo ndiyo saizi yake, na chapa ibaki kuwa pambo.

Nimeshatumia za aina nne. Za plastiki sizitaki. Zinapinda, na uzi wa akriliki, ule wa kiwandani wa jamii ya plastiki, unalia juu yake kama kiatu kipya. Za alumini ni nyepesi na za haraka, ila zinateleza, na anayeanza akiinua kichwa kumjibu mtu vitanzi kumi vimeshachomoka. Za mianzi ndizo ningempa mwanafunzi. Zinashika uzi kidogo, hazipigi kelele, na mkononi hazina ubaridi, jambo ambalo mtu wa Dar hatalielewa. Jozi yangu ilichanika ncha mwezi wa pili. Nikaisugua kwa msasa laini na kuipaka nta ya mshumaa, na bado naitumia.

Ya nne ni sindano ya duara, yaani ncha mbili fupi zilizounganishwa kwa waya wa plastiki. Niliagiza mtandaoni yenye waya wa sentimita 80. Ilifika imejikunja kama chemchemi, nikajua nimetapeliwa. Mama mmoja muuza nyuzi akaniambia niuchovye waya kwenye maji ya moto nusu dakika kisha niunyooshe. Ukatulia. Kasoro ambayo maji ya moto hayakuitibu ni pale waya unapokutana na ncha: pana kidomo kidogo, na kila safu uzi unanasa hapo. Ukinunua, pitisha ukucha kwenye kiungo hicho kabla hujalipa. Hata hivyo siiachi, kwa sababu uzito wa sweta unakaa mapajani badala ya kuning'inia kwenye viganja, na kwenye basi la kwenda Makambako humchomi jirani kwa kiwiko.

Nyuzi sasa. Madukani kwetu karibu zote ni akriliki, na sina dharau nayo. Ni bei nafuu, rangi zipo tele, mtoto akichafua unafua tu. Donge la gramu 100 la unene wa kawaida, ule wa sindano ya milimita 4, lina mita karibu 290. Akriliki ina adui mmoja, naye ni pasi. Nilimaliza kizibao cha mtoto wa dada yangu, nikataka kinyooke kabla ya kukipeleka, nikapitisha pasi ya mkaa juu ya pindo. Halikuungua wala halikubadilika rangi. Lililegea tu, moja kwa moja, likabaki linaning'inia kama tambi zilizopitiliza motoni. Plastiki ikishapata joto namna ile hairudi. Sasa nalowesha, naminya ndani ya taulo, natandaza kwenye mkeka na kuvuta kwa vidole mpaka kipimo kikae.

Jingine ni namba ya loti. Ipo kwenye karatasi ya donge, na inaonyesha madonge yaliyotiwa rangi pamoja. Nilinunua manne ya bluu, hela ikaisha, nikarudi baada ya mwezi kuongeza mawili. Dukani chini ya taa yalifanana kama mapacha. Juani, mkono mmoja wa sweta ulikuwa bluu na mwingine bluu nyingine.

Sufu, yaani manyoya ya kondoo, ndiyo inayopasha mwili kweli, na huku sijaiona ikiuzwa mpya kwa bei yangu. Ninaipata kwa kufumua mitumba. Natafuta sweta la kiume lililoandikwa sufu asilimia 100, nalipindua, naangalia mshono wa ubavuni. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloki, naliacha, kwa sababu kila safu imeshakatwa na utaambulia vipande vya upana wa sweta. Ninalolitaka ni lile ambalo vipande vyake vimefumwa kwa umbo, kingo zake nzima, kisha vikaunganishwa. Hilo ukipata ncha sahihi linafumuka huku unasikiliza taarifa ya habari. Kama lebo imekatwa, nachoma uzi kidogo: sufu inanuka nywele na jivu lake linasagika vidoleni, akriliki inayeyuka na kuacha shanga ngumu.

Uzi uliofumuliwa unatoka umejipindapinda. Nauzungusha kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, nafunga sehemu nne usije ukachanganyikana, naloweka maji ya uvuguvugu, kisha natundika kivulini chupa ya maji ikivuta chini. Maji ya moto kwa sufu, usijaribu. Kofia niliyoifulia maji ya kuogea, na kuisugua juu, imekuwa kifuniko cha birika.

Pateni nyingi nazitoa Ravelry, tovuti ya wafumaji iliyoanza 2007. Kujiandikisha ni bure, za bure zipo nyingi, na unaweza kuchuja kwa unene wa uzi na kwa mita ulizonazo, kitu kinachomsaidia sana mtu mwenye madonge mawili na nusu. Zinaandikwa kwa ufupisho: k ni cha mbele, p ni cha nyuma, k2tog ni viwili pamoja. Baada ya pateni tatu unazisoma kama meseji.

Ila mstari nilioudharau mwaka wa kwanza ndio ungeniokolea sweta la baba watoto. Juu kabisa pateni ilisema vitanzi 18 kwa sentimita 10. Maana yake ufume kwanza kitambaa kidogo, ukipime. Ningefanya hivyo jioni moja ningeona 22, na 90 gawa kwa 22, mara 10, inakupa hiyo 41 bila kufuma wiki tatu.

Kuuza sijajaribu. Kina mama wenye mashine za kufumia sweta za shule wanamaliza moja huku mimi bado niko kwenye pindo.

Mama mkwe yeye hana habari na vitambaa vya majaribio. Anapima kwa shibiri mgongoni mwa mtu, anaanzisha vitanzi, na sweta linakaa. Nilimwonyesha kibao changu cha matundu, akakigeuzageuza, akauliza kama kinachuja chai.

La pili la baba watoto liko kwenye sindano ya duara sasa hivi, sufu ya kijivu, nimefika kwapani. Jana usiku nimepima sentimita 50 na nusu. Mtoto ameshauliza kama nalo litakuwa lake.