Pampu ya kupasha nyumba joto: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ndugu zangu mlionunua nyumba za zamani huku Ujerumani, kabla baridi haijakaza shukeni kwenye boila mkaitazame pampu inayozungusha maji ya moto kwenye redieta. Ikiwa ina swichi ya mwendo ya I, II, III na kibao chake kinasema wati 70, piga hesabu: saa 5,500 za msimu ni yuniti 385. Kwa senti 35 kila yuniti, ni kama yuro 135.

Namba moja: pampu inayojipunguza mwendo yenyewe, yenye mota ya sumaku ya kudumu. Themostati za redieta zikifunga, yenyewe inahisi na kutulia. Mwendo ukishuka nusu, nguvu inayotakiwa hushuka hadi thumuni (moja ya nane), ndiyo maana nyumba ya familia moja hutosheka na wati 10 hivi. Kwenye kibao tafuta EEI, kipimo cha ulaji wa umeme (kikiwa kidogo ndiyo bora): tangu Agosti 2015 Umoja wa Ulaya hauruhusu pampu mpya ivuke 0.23, lakini wewe chukua ya 0.20 kushuka chini. Fundi atakwambia "weka 25-60, uwe na uhakika". Hiyo 25 ni ukubwa wa bomba, na 60 ni mita 6 za msukumo. Nyumba nyingi ndogo zinatoshwa na 25-40. Pima pia urefu wa pampu, 180 au 130 mm, usije ukairudisha dukani.

Namba mbili: kufunga invata, kifaa cha kubadili mwendo wa mota, kwenye pampu iliyopo. Hii ni ya majengo makubwa yenye mota za fezi tatu. Kwa pampu ndogo ya nyumbani, usijaribu. (Wa Dar wanaopandisha maji kwenye tenki la juu wasitarajie hesabu ya thumuni: kule maji lazima yapande kimo kilekile, huku yanazunguka tu.)

Namba tatu: kubaki na kongwe lako na kuliweka kwenye I. Ni bure, fanya leo usiku. Chumba cha mbali kikipata joto, liache hapohapo.

Mwisho kabisa ni kubana vali ili kupunguza maji. Pampu inaendelea kusukuma vilevile, na redieta zinapiga mluzi usiku kucha.

Ukishanunua, mfumo usafishwe kwanza na ufungwe chujio lenye sumaku. Kutu ya mabomba ya chuma huifuata sumaku ya mota. Ukifungua rota iliyokwama, utaikuta imevikwa tope jeusi kama masizi ya sufuria.