Plasta ya zinki miguuni, kutoka Kapsabet hadi Kisumu: uzoefu wangu
Niliinunua kwenye duka la dawa karibu na steji, hapa Kisumu. Roli moja ya upana wa sentimita 2.5, na kwa noti mbili za mia mbili nilirudishiwa chenji. Ni ile plasta nyeupe ya kitambaa, isiyovutika, ambayo manesi huitumia kushikilia bandeji. Dada aliyeniuzia aliniuliza kidonda kiko wapi. Nikamwambia bado hakijatokea, ndiyo maana naichukua leo.

Tulikuwa tunapanga kukimbia kwa siku kadhaa: Kapsabet, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, kushuka Kaimosi, kupita Msitu wa Kakamega upande wa Isecheno, kisha Maragoli hadi Kisumu. Mbio za namna hii zina ubaya wake, kwamba kesho unaamka na miguu ileile ya jana. Lengelenge la jioni ukilipuuza, asubuhi unakanyaga kwa upande bila kujua, na kufika mchana goti limeshaanza kulalamika.

Lengelenge hutokea pale ngozi inapong'ang'ania soksi huku mfupa ukiteleza ndani. Tabaka za ngozi huachana, maji yakajaa katikati. Unyevu huzidisha huo mng'ang'anio, na msitu ule hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi ikishuka mchana. Soksi kavu tulikuwa nazo asubuhi tu.

Plasta niliibandika usiku wa kuamkia safari. Kwanza nilifuta miguu kwa spiriti, nikaiacha ikauke kabisa. Kila kipande nilikikata pembe ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Kisha nikakigandamiza kwa kiganja mpaka gundi ikapata joto. Hapo usikubali hata mkunjo mmoja, maana mkunjo wenyewe utakuletea lengelenge. Ya kisigino ilikaa hadi Maragoli, matope na vijito vyote. Ya chini ya unyayo vilevile. Vidoleni ilinishinda: ni ngumu, haifuati umbo, na ile ya kidole cha mwisho ilibaki ndani ya soksi kabla hatujafika Shinyalu.

Mwenzangu, mwalimu kutoka Luanda, alikuja na ile ya rangi inayovutika, aina iliyobuniwa na Mjapani Kenzo Kase miaka ya 1970. Bei yake ni mara kadhaa ya yangu. Kwenye goti anasema ilimsaidia. Mimi naona ilimpa moyo, na moyo pia si haba. Ila kwenye unyayo ilijiviringa kama chapati kabla ya saa sita, na lengelenge likamtoka palepale. Tulilitoboa pembeni kwa sindano mpya, tukakamua, tukaiacha ngozi ya juu ilivyo, tukaweka shashi, ndipo plasta yangu ikaja juu. Usiibandike moja kwa moja juu ya lengelenge, utaing'oa pamoja na ngozi. Na likiwa na damu ndani, liache.

Sehemu ambayo plasta haikuwa na la kufanya ni mteremko wa kutoka Maragoli kuja Kiboswa. Misuli ya mbele ya paja hufunga breki huku ikivutwa, nyuzi zake zikachanika kidogo kidogo, na maumivu makali huja kesho yake au keshokutwa. Hapo mmoja wetu akatoa brufeni. Nilikataa. Kuna utafiti uliochapishwa 2017 juu ya wakimbiaji wa kilomita 80: waliomeza dawa hiyo, asilimia 52 walionyesha dalili za figo kuumia, dhidi ya 34 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Nikateremka kwa kutembea, huku watoto wa shule wakinipita na kunicheka.

Nitainunua tena, ya visigino na nyayo tu. Mwenye ngozi inayowashwa na gundi ajaribu kwanza kipande kidogo mkononi kwa usiku mmoja. Na beba mkasi: plasta yenyewe inachanika kwa mkono, ila pembe za mviringo hutazipata kwa meno.