Kituo cha sheria kilichomsaidia mke wangu, mjamzito aliyepitwa na visa: maoni yangu

Nawaandikia ndugu zangu mlio Uingereza, hasa nyumba ambazo mmoja ana pasipoti ya hapa, mwingine visa imempita, na sasa kuna mimba. Sisi tulikuwa nyumba hiyo. Mke wangu alikuja kusoma, visa ikaisha, na alipopata ujauzito hofu ikazidi: kliniki ataendaje, mtoto ataandikishwaje, na wakija kumchukua je? Aliyetusaidia ni wakili wa kituo kimoja cha hisani hapa East Midlands. Jina silitaji kwa kuwa siri za mke wangu zimo humu. Nitaeleza kazi waliyoifanya, ili ukikaa mbele ya mshauri wako ujue kumpima.

Kabla yao tulikwenda kwa bwana mmoja anayewajazia watu fomu sebuleni kwake. Alitaka pesa taslimu, akatuhimiza tufunge ndoa ya serikali upesi, na tuandike kwamba tumeishi pamoja muda mrefu kuliko ukweli. Uongo wa namna hiyo peke yake unatosha kuangusha ombi. Na hapa nchini, kutoa ushauri wa uhamiaji bila idhini ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1999. Anayesajili washauri ni Immigration Advice Authority, ile iliyoitwa OISC hadi Januari 2025. Mawakili wenye leseni wako chini ya Solicitors Regulation Authority. Orodha zote mbili ziko mtandaoni, na kutafuta jina ni bure. La yule bwana halikuwemo. Tukaaga.

Kituoni, jambo la kwanza wakili aliniomba nikae nje. Alitaka kuongea na mke wangu peke yake, na mkalimani wa Kiswahili kwenye simu. Najua wapo wanaume watakaoudhika. Mimi nilimheshimu hapo hapo. Mwanamke mwenye mimba, asiye na kibali wala ruhusa ya kazi, anamtegemea mtu mmoja tu, na mtu huyo akiwa mbaya, hana pa kusemea. Mshauri asiyelifikiria hilo simwamini.

Nilipoitwa ndani, nilitegemea maswali ya visa. Yeye akaanza na talaka. Mke wangu aliwahi kuolewa Mombasa akaachika, na mkalimani akamuuliza kwa upole, "Dada, talaka yako imeandikwa wapi?" Mke wangu akajibu kwamba aliachwa mbele ya wazee, kisha Kadhi akaandika. "Cheti unacho?" Hakuwa nacho.

Wakili akatufafanulia, na hapa ndipo nilipojua tumefika kwa mtu anayejua kazi. Mtoto anayezaliwa Uingereza huwa raia tangu kuzaliwa ikiwa baba au mama ni raia au ana makazi ya kudumu. Ndivyo sheria ya uraia ya mwaka 1981 isemavyo. Tangu Julai 2006 hata baba ambaye hajamwoa mama anampa mtoto uraia, mradi ithibitike ni wake. Lakini kama mama bado ni mke halali wa mtu mwingine wakati wa kuzaa, kwa mambo ya uraia sheria inamhesabu huyo mume kuwa ndiye baba. Yaani mwanangu angeweza kuzaliwa akiwa na baba wa kwenye karatasi aliyeko Mombasa, na uraia wangu usimfikie! Shemeji yangu alikwenda Mahakama ya Kadhi, akafuatilia faili, akatutumia nakala iliyogongwa muhuri. Tulipoipeleka, wakili aliisoma mstari kwa mstari, akalinganisha tarehe ya talaka na tarehe ya nikahi yetu, akaweka tiki kwenye karatasi yake. Ile tiki ilinipa usingizi.

Nikahi yenyewe ilikuwa swali la pili. Tuliifunga msikitini hapa hapa, mashahidi wapo, mahari imelipwa, kwetu sisi ni mume na mke bila shaka yoyote. Kwa sheria ya Uingereza, nikahi peke yake bila usajili wa serikali si ndoa. Ila kanuni za uhamiaji zinawatambua pia wapenzi ambao uhusiano wao wa mfano wa ndoa umefika miaka miwili, na sisi tulikuwa tumeshaipita, tena kwa ushahidi: barua za nyumbani, picha, ujumbe wa simu. Basi hapakuwa na haja ya kukimbilia ofisi ya ndoa. Huko notisi ni siku 28, na kwa mtu asiye na kibali taarifa hupelekwa Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, nao wanaweza kuirefusha hadi siku 70. Yule bwana wa sebuleni hakulisema hata moja kati ya hayo.

Swali kubwa likawa: tuombe sasa, au tusubiri mtoto azaliwe? Kwa aliyepitwa na visa, njia ya kawaida ya mwenza, ya kufikia makazi ya kudumu kwa miaka 5, imefungwa. Inabaki ile ya miaka 10, nayo ina milango miwili. Mmoja ni kuonyesha kwamba kuna vikwazo visivyovukika vya nyinyi wawili kuishi pamoja nje ya Uingereza. Mlango huo ni mwembamba. Kusema "kazi yangu iko hapa" hakutoshi. Wa pili ni kuwa mzazi wa mtoto raia aliye hapa, ambaye si haki kutarajia aondoke nchini. Mimba haihesabiki kuwa mtoto katika kanuni hizo. Mtoto akishazaliwa, kesi inageuka.

Wakili hakutuamulia. Alituandikia barua yenye faida na hatari za kila upande. Kusubiri kunamwacha mama bila ulinzi wa ombi lolote, na kukaa bila kibali ni kosa kila siku inayopita. Kuomba mapema ni kuingia kwa mlango mwembamba, na hata ombi likiwa mezani, aliyepitwa na visa hapati ruhusa ya kufanya kazi. Akasisitiza kwa wino mwekundu: ukishaomba, ukisafiri nje ya nchi kabla ya majibu, ombi linahesabiwa limeondolewa. Tulichagua kusubiri, tukiwa na hati zote tayari kwenye faili. Mwingine angechagua kinyume na asingekosea.

Kuhusu hospitali, dada zangu, tafadhali sikieni. Kujisajili kwa GP, yaani daktari wa mtaa, ni bure kwa kila mtu, na hakudai kibali. Huduma za ujauzito na uzazi za NHS, yaani hospitali za serikali, zinahesabiwa kuwa za lazima papo hapo: hawaruhusiwi kukunyima wala kukuchelewesha kwa sababu hujalipa. Bili inaweza kuja baadaye, na ni nzito, maana asiye mkazi hutozwa asilimia 150 ya gharama. Deni la kuanzia £500 lisilolipwa linaweza kufikishwa Home Office na kumrudia mtu kwenye ombi lake. Kituo kilituandikia barua ya kuomba kulipa kwa awamu, tukakubaliwa. Mke wangu alikuwa ameshakosa miadi ya mwanzo kwa woga wa bili, na hilo linaniuma hadi leo. Msikose kliniki.

Pesa sasa. Kima cha mapato cha £29,000 kwa mwaka cha kumwombea mwenza, ambacho kimewakatisha wengi tamaa tangu Aprili 2024, hakikutuzuia kwa mlango wa mtoto. Mimi ni mtu wa ghalani, zamu za usiku, nisingekifikia. Ada ndiyo mlima: mwaka 2025 ilikuwa £1,321 ya ombi, na £2,587.50 ya huduma za afya kwa kibali cha miezi 30. Asiyemudu anaruhusiwa kuomba msamaha wa ada. Kituo kilitusaidia kwa hilo bila malipo, wakapitia taarifa za benki za miezi sita, zangu na zake, wakiuliza kila pauni iliyoingia ilitoka wapi. Inachosha na inaaibisha kidogo, lakini msamaha ulikubaliwa.

Tulikwenda kumwandikisha mtoto pamoja, ndani ya siku 42, kwa sababu kwa wasiooana kisheria, kwa kawaida baba hufika mwenyewe ili jina lake liandikwe. Ombi likatumwa na cheti chake. Kibali kimetoka.

Walipopungukiwa: simu yao hupokelewa asubuhi tu, na mistari hujaa. Barua pepe zilikaa bila jibu hadi nikawa napita mwenyewe mapokezi. Barua zote ni za Kiingereza, na mkalimani yupo kwa mkutano tu, hivyo usiku tulikuwa tunasomeana na kamusi. Tena hawachukui kila kesi; msaada wa kisheria wa serikali kwa mambo haya uliondolewa mwaka 2013, isipokuwa kwa ombi maalum, kwa hiyo wanachagua. Nyota nne kati ya tano.

Ukienda kituo cha namna hii, beba pasipoti hata kama imeisha muda, barua zozote za Home Office, kadi ya kliniki yenye tarehe ya matarajio, na kila karatasi ya ndoa au talaka ya zamani. Kama ya talaka haipo, anza kuitafuta nyumbani leo, maana kwetu hiyo ndiyo iliyochelewa kuliko zote.